Wimbo wa Pasi

Shemeji yangu, mume wa marehemu dada yangu, tunamwita Besi kwa sababu hilo ndilo gitaa analopiga, na pia kwa sababu hana maneno mengi ya kujieleza. Yuko katika bendi ile ile tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Waimbaji wamekuja na kuondoka, wapiga solo wamegombana na kususa, yeye yupo pale nyuma karibu na ngoma, ametulia kama mzigo uliosahaulika stendi. Kimya kingi kina mshindo mkuu, watu husema. Mimi nasema kimya kingine ni uzito wa ulimi tu.

Maisha yake yote ameyatunza kwa nyimbo. Ukimuuliza alihamia lini nyumba anayokaa, hataji mwaka. "Ni wakati ule tunapiga ile ya du-dum, du-du-dum," atasema, akikutazama kana kwamba umeelewa. Ndio ugonjwa wake: kila wimbo anaukumbuka kwa sehemu yake ya chini tu. Siku alipokuja kujitambulisha nyumbani, dada alimwomba aimbe wimbo uliowakutanisha ukumbini. Akanguruma mwanzo hadi mwisho. Baba yetu alidhani mkwe ameshikwa na tumbo.

Dada yangu alikuwa dobi. Chumba alichopigia pasi nguo za watu ndicho Besi alichofanyia mazoezi, na humo dada akatunga wimbo wake mwenyewe: "Pita pole, pasi, pita pole, shati hili lina mwenyewe." Aliuimba kila siku hadi alipotutoka. Binti yao alikuwa bado mdogo. Kila alipolia, Besi alimbembeleza, "Nyamaza, mama. Wimbo wa mama yako ninao."

Binti sasa ni mtu mzima, na mimba yake ilipokuwa kubwa alikuja kuudai, akatukuta kwangu mimi na baba yake tukinywa chai.

"Baba, nipe ule wimbo. Maneno ninayo, ila tuni imenipotea. Nataka kumwimbia mtoto."

Besi akajikohoza, akafumba macho, akaanza: du, du-dum, du. Nilicheka, Mungu anisamehe. Binti hakucheka.

"Baba, huo si wimbo. Huyo ni mtu anapanda ngazi." Akanigeukia. "Mama mdogo, wewe je?"

Mimi tena! Masikio yangu ni ya kuvalia hereni tu. Besi akajaribu mara nyingine, akapandisha sauti, akakwama. Nikaona kabisa anavyogundua. Miaka yote hiyo aliamini kwa dhati kwamba anao.

"Nimelinda mlango," akasema taratibu, "kumbe ndani hamna kitu."

Akaondoka bila kumaliza chai. Nilimwonea huruma na hasira kwa pamoja, maana wimbo ule ulikuwa wa dada yangu, na hakuna aliyewahi kuurekodi.

Siku kadhaa akawa haonekani. Jumapili nikamfuata kwake.

"Shemeji, umenuna vya kutosha. Dada alipokuwa anaimba, wewe ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa nampigia."

"Basi njoo upige. Nani alikwambia uimbe?"

Alasiri akaja kwa binti na gitaa na spika ndogo, akaketi kando ya meza ya kupigia pasi ambayo binti aliirithi kwa dada, yenye alama ya kuungua pembeni. Binti alikuwa akinyoosha nepi mpya. Besi akapiga polepole, akizunguka na kurudi. Binti akawa anayasema maneno, kisha anayavuta kidogo, anakosa, anaanza upya. Pasi nayo ikashika mwendo.

Lakini kila mzunguko, baada ya "lina mwenyewe", Besi alinyamaza, akangoja, ndipo akaendelea. Hata mimi nililisikia lile pengo.

"Shemeji, hapo unakosea."

"Sikosei. Hapo alikuwa na maji mdomoni."

Nikakumbuka. Dada hakunyunyizia nguo kwa mkono. Alipiga funda la maji akaipulizia, na hakuna awezaye kuimba na funda mdomoni. Besi alikuwa akimsubiri.

Binti akachukua kikombe, akapiga funda, akalipuliza juu ya nepi. Mvuke ukapanda. Akafuta midomo, na besi iliporudi, naye akaingia nayo. "Pita pole, pasi..." Safari hii hakutafuta. Wimbo ulikuja wote, hata mwenye masikio ya hereni akautambua. Nililia na wala sikujificha.

Besi, ambaye wenzake bendini huapa kwamba hajui kukosea, akagusa uzi usio wenyewe, kisha mwingine, halafu mkono ukasimama kabisa.

"Sasa umekosea," nikamwambia.

"Sasa nimekosea," akakubali, akijipangusa uso kwa mkono wa shati. "Nisubiri kidogo, mama."

Binti akainua pasi isije ikaunguza nepi, akamsubiri.