Feni ya Gari la Chileshe

Mwaka petroli ilipoadimika Lubumbashi nzima, Chileshe, fundi umeme wa Katuba, alijitengenezea gari la umeme uani kwake. Bodi ilikuwa ya gari la Folksi lililokufa, mota ya mashine ya kunyanyulia mizigo, betri kubwa zimepangwa mahali pa kiti cha nyuma. Betri zilipozidiwa wakati wa kuondoka, aliongeza kapasita, vikopo vinavyojaa umeme na kuuachia wote kwa mpigo mmoja. Taa na honi alizipa betri yao ndogo, zisififie mota inapovuta.

Mkewe Ngosa alipanda, wakazunguka mtaa, akacheka mpaka machozi. "Baba, hii motokari haina hata mulio!"

Habari zikamfikia Kalaba, mkubwa wa chama tawala mtaani. Alikuja mchana na wanaume wawili, hakusalimia, akaanza na "sitwayeni", yaani raia, kama chama kilivyotaka watu waitane.

"Sitwayeni Chileshe, motokari yenye haisikike ni ya kubeba nani?"

"Ya kwenda soko, sitwayeni."

"Tangu leo iko ya chama."

Mmoja wa wale wanaume akafunua boneti, akapeleka mkono. Chileshe angeweza kunyamaza, umeme umpige.

"Usiguse!"

Akaunga balbu kwenye kapasita. Betri zote zilikuwa zimekatwa, lakini balbu iliwaka, kisha ikafifia polepole. Kalaba aliitazama mpaka ikazimika.

"Kumbe inaficha nguvu," alisema. "Basi weye ndiye utakuwa unaitengeneza."

Gari likaanza kuonekana mtaani jioni. Lilisimama mbele ya nyumba ya mtu, likaondoka naye. Mwalimu Kasonde, jirani wa ukuta mmoja, alichukuliwa akiwa bado anakula bukari. "Hatukusikia kitu," mkewe alimwambia Ngosa. Ngosa alirudi nyumbani, akamtazama mumewe.

Alipoitwa tena kulikagua, Chileshe alitikisa kichwa. "Mota inachemka. Bila feni itaungua."

Akafunga feni kuukuu yenye mapanga yaliyopinda, akaiunga kwenye betri ndogo. Ilikwaruza kama bati linaloburutwa barabarani.

"Makelele yote haya?" Kalaba alikunja uso.

"Ao feni, ao miguu, sitwayeni."

Tangu hapo watu walilisikia gari tangu njia panda, na wenye sababu ya kukimbia waliruka ukuta wa nyuma.

Kisha Kalaba alileta dereva mpya, Donat, mtu mzima aliyesomea umeme. Donat alifunua boneti, akafuata waya wa feni kwa kidole, akaweka kiganja juu ya mota. Ilikuwa baridi, ingawa gari lilikuwa limetoka barabarani sasa hivi na upepo wa feni haukuifikia.

"Baba," alinong'ona, "hii feni inapoza nini?"

Nyuma yao Kalaba alikuwa akingoja.

"Mota," Chileshe alisema.

Donat alifunga boneti. "Ni kweli, sitwayeni. Tukiitoa, tutaunguza mota."

Betri zilichoka kabisa masika yaliyofuata, gari likaoza nyuma ya ofisi. Mwalimu Kasonde hakurudi. Donat aliendelea kupita mbele ya nyumba ya Chileshe, akisema "Jambo, baba" bila kusimama, na Chileshe hakujua kamwe kama yule mtu alimhurumia au alikuwa akiiweka siri ile kwa siku ya kumshtaki.