Herufi Tatu kwenye Msalaba wa Muthengi

Mowlem hakuna anayechonga msalaba kama Kiilu. Unayebisha, kufa kwanza uone. Mikono ile imesindikiza nusu ya mtaa, ingawa mwenyewe huogopa hata paka. Safari hii aliogopa binadamu.

Musau, karani wa ghala Industrial Area, alikuja kuagiza msalaba wa marehemu kaka yake, Muthengi. Chini ya jina akataka herufi tatu: d.s.p.

"Ni za nini, mzee?" Kiilu akauliza.

"Kilatini. Wazungu huandika hivyo kwa aliyekufa bila kuacha mtoto."

"Na Mwelu je? Si binti yake?"

Musau akampapasa bega taratibu, kama mtu anayechagua mbuzi wa kuchinja. "Wewe chonga. Mkewe na huyo binti wakishapiga magoti mbele ya msalaba na kupigwa picha, nitawaeleza wazee wa ukoo maana yake, na kwamba mjane mwenyewe hakupinga. Shamba la Muthengi litarudi kwangu. Na ukifungua mdomo, fundi, unapolala napajua."

Kiilu akachonga. Hata wewe ungechonga, usijitie ushujaa.

Lakini karakana ile ina desturi yake: msalaba hautoki kabla fundi hajawasomea wafiwa kila alama, nao wakaitikia "sawa". Asipofanya hivyo, marehemu humrudia yeye. Basi Jumamosi akaja Nthoki, mjane, kutoka mtaa wa Pipeline, amemshika Mwelu mkono. Musau akasimama mlangoni, akaziba mwanga.

Kiilu akasoma jina. Sawa. Mwaka wa kuzaliwa, mwaka wa kufa. Sawa. Mwelu alikuwa akiitikia kwa sauti kumshinda mamake.

"Hizo za mwisho ni mapambo," Musau akasema. "Itikieni twende."

Mwelu akafungua mdomo.

"Ngoja, binti," Kiilu akamkatiza, sauti nyembamba kama ya mgonjwa. "Hizi zinasema babako alikufa hana mtoto."

Nthoki akageuka polepole. "Shemeji, huyu niliyemshika ni wa nani?"

Musau alimtazama Kiilu, akamtazama sana, kisha akaondoka, na mtazamo huo ndio uliomtoa fundi jasho.

Kiilu akachukua randa, akazikwangua zile herufi kwa pupa hata akaumega ukingo wa mbao. Akasoma tena. Nthoki na bintiye wakaitikia, wakainuka waende.

"Kaeni kidogo," Kiilu akaomba. "Angalau mpaka jirani afungue duka, Musau asinirudie nikiwa peke yangu."

Nthoki akaketi juu ya gogo, akampakata Mwelu, wote watatu wakitazama mlango.