Diski Tatu za Filamu Moja

Nakumbuka Jumamosi moja, mwanangu, nimechuchumaa mbele ya kioski cha filamu cha Mama Kato pale mtaani Munuki, diski tatu zimepangwa juu ya kreti ya soda, na watu wa boda boda wananipigia honi nitoe miguu barabarani. Sikuitoa. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, nami siku hiyo niliinama mpaka magoti yakalalamika.

Diski zote tatu zilikuwa za filamu moja ya Kihindi, ya zamani, ambayo marehemu baba alitupeleka kuitazama hapa Juba, mimi na dada yangu Roza, kabla vita havijatutenganisha. Mimi nilikimbilia Uganda na mjomba, nikasoma Kizungu huko. Roza alibaki na mama, wakaishia Khartoum, akasoma kwa Kiarabu, akaolewa, akafiwa na mumewe. Tulipoonana tena mimi nilikuwa kijana wa miaka thelathini na yeye ameshaota mvi. Alikuja kwa wiki tatu tu, aangalie kama anaweza kurudi Juba na watoto wake wawili. Wiki mbili zilikuwa zimekwisha, na kila nikimuuliza alijibu, tutaona. Nilitaka abaki, mwanangu. Nikajiambia, akiiona tena filamu ya baba, moyo wake utatulia hapa.

Mimi ni mtu wa kusoma hata karatasi ya dawa mpaka mstari wa mwisho, mke wangu atakuambia. Basi nilizigeuza kava zile na kuzilinganisha kama mama anayechagua nyanya. Kumbe filamu moja inaweza kuwa tatu! Ya Kampala ilikuwa fupi, nyimbo zimefyekwa, na juu ya sauti za waigizaji kulikuwa na mtafsiri anayesimulia kwa Kiganda na kuchomeka utani wake mwenyewe. Ya Dubai ilikuwa na maandishi ya Kiarabu chini ya picha, rangi zimepauka, na kwa dakika zilizoandikwa nyuma ilionekana imekatwa mahali. Ya tatu ilitoka Ulaya. Mzungu mmoja wa mtaa wa Thongpiny aliiuza alipokuwa anarudi kwao. Hiyo ilikuwa nzima, picha safi, maandishi ya Kizungu.

Mama Kato, Mganda mpole aliyenizidi umri, alinionya. "Hii ya Ulaya iko na namba mbili. Deki ya huku iko namba tano. Inaweza kataa."

Nilimuuliza namba gani tena hizo, akanieleza kwamba wenye filamu wameigawa dunia mafungu, kila fungu na namba yake, ili diski ya kwa mwenzako isicheze kwako. Nilifurahi kama niliyefunuliwa siri ya serikali. Kuuliza si ujinga. Nilirudi nyumbani, nikachomoa deki yangu, nikaipakata juu ya boda boda mpaka kioskini, tukaijaribu. Ikacheza! Deki yangu haikujali namba. Nilipomwambia Mama Kato kwamba filamu ni ya dada yangu, akaniuliza huyo dada alisoma wapi, nikamjibu juu juu kwamba picha ni picha. Na leo nikuungamie jambo: ile ya Dubai niliiweka kando kwa sababu Kiarabu nakisema tu, kukisoma sijui.

Jumapili baada ya kanisa niliwasha jenereta, tukakaa wote. Wanangu walisoma maandishi na kucheka. Roza aliuliza, amesema nini? Nikamwambia. Akauliza tena, nikamwambia kwa kifupi. Mara ya tatu nikamwambia asubiri kidogo, hapa pazuri. Mara ya nne hakuuliza. Aliinuka taratibu, na mimi nikadhani anaenda kunywa maji. Alipokawia nilimfuata, nikamkuta anakunja nguo zake na kuzipanga kwenye sanduku.

Nilimwambia, tena kwa lawama, kwamba nilihangaika siku nzima kumtafutia filamu isiyokatwa hata kidogo. Akanijibu kwa Kiarabu chetu cha Juba, bila kupaza sauti:

"Nikienda kuomba kazi, fomu ni ya Kizungu. Nikienda shuleni kuwaulizia watoto, Kizungu. Nikasema kalas, basi, angalau kwa ndugu yangu nitakaa kama mtu. Filamu yako ni nzima. Mimi ndiye niliyekatwa."

Nyani haoni kundule. Nilikagua kasoro za diski tatu, yangu sikuiona. Niliona aibu, mwanangu, aibu ya kumfanya mtu asijue pa kuweka mikono. Nikamwomba siku moja tu zaidi.

Kesho yake Mama Kato alinifungia ile ya Dubai kwenye gazeti. Jioni ikawa zamu yangu kuuliza, amesema nini? Roza alitusomea sote, mstari kwa mstari, na hakuniambia nisubiri hata mara moja. Tulipofika kwenye wimbo alioupenda baba, picha ikaruka kutoka mtoni moja kwa moja hadi harusini. Ndipo palipokatwa. Nilitaka kuipiga deki ngumi. Roza akanishika mkono, akauimba mwenyewe, Kihindi cha kubahatisha, akipotea palepale baba alipokuwa akipotea kila mara. Nikalia mbele ya watoto wangu. Wimbo ulipokwisha akaniuliza, kama swali la kawaida tu, Munuki kuna shule gani inayopokea watoto waliosoma kwa Kiarabu?

Nilimwambia sijui, ila kesho tutazunguka wote wawili tuulize. Tulizunguka siku nne, tukaipata, na watoto wakaja kabla ya mvua.

Sasa ninyi mnanunua kwa kidole, mnalinganisha simu, viatu, hata wachumba. Linganisha, sikukatazi, mwenye kuchunguza hapunjwi ovyo, nami bado nasoma karatasi za dawa. Lakini kabla hujauliza kipi ni bora, uliza ni bora kwa nani, na umuulize yeye mwenyewe, usikisie. Ukiona unachagua haraka kile kinachokufaa wewe na kukiita zawadi, simama kwanza. Na mtu wako akikuuliza mara ya tatu, mjibu kama mara ya kwanza, maana hujui kama ipo ya nne.

Nenda salama, mwanangu. Mungu akupe macho ya kuona vitu vizuri, na sikio la kumsikia aliyekaa kimya karibu yako. Ndugu zako wasikose nafasi nyumbani kwako, wala wewe usikose kwao.