Nati ya Gari la Maalim

Gereji yetu ya Bombolulu ni mabati sita na mchanga mweusi wa oili, ila mimi kichwani nilikwisha kuitia sakafu ya vigae na mashine ya kunyanyulia magari. Fundi mwenzangu hunicheka: "Anza na jeki isiyovuja kwanza, bwana mkurugenzi."

Siku maalim alipoleta gari lake nilifurahi kama mtoto wa Idi. Ndiye aliyenisomesha Kurani, na mkewe ndiye aliyekuwa akitugawia kaimati tulipomaliza juzuu. Sasa mkewe alikuwa mgonjwa wa figo. Mara mbili kwa juma maalim alimvusha daraja kwenda hospitali kusafishwa damu kwa mashine, na lile gari kuukuu ndilo lililokuwa miguu yake. Gurudumu la mbele la kushoto lilikuwa likivuma.

Nikafungua habu, kile kitovu cha gurudumu, nikaiosha, nikatia beringi mpya nilizozishindilia grisi kwa kiganja mpaka ikatokea upande wa pili. Nikarudisha kila kitu, nikakaza nati ya katikati huku nalizungusha gurudumu ili beringi zikae sawa. Kisha nikailegeza, nikaikaza tena kwa vidole tu. Ndivyo ifanywavyo. Beringi ikibanwa sana hupata moto, chuma kikala chuma.

Maalim alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Mbona walegeza tena?"

"Yataka nafasi ya kupumua, maalim."

"Nati ina mapafu?" akauliza maalim. Fundi mwenzangu akaangua kicheko. Mwenyewe hakucheka. "Mwanangu, humu nambeba mgonjwa. Gurudumu likichomoka je? Kaza."

Mtu aliyenishika kidole nikafuata alifu, leo nimwambie hajui?

"Naam, maalim."

Nikakaza kwa spana mpaka mkono ukauma, nikatia pini ya kuizuia nati. Akanishika bega, akaniombea dua. Wallahi nilijiona mtoto mwema.

Siku ya tatu, asubuhi, akanipigia simu. Gari limekwama Kongowea, gurudumu limegoma kuzunguka. Nikadandia bodaboda. Nilipofika, habu ilikuwa moto haishikiki, grisi imetoka nyeusi, yanuka kama sufuria iliyoungua. Mkewe alikuwa kiti cha nyuma, kifuko cha hospitali mapajani, miguu imevimba hata viatu havimwingii. Alihema kwa shida. Aliponiona akauliza:

"Mwanangu, umekula?"

Nikasema nimekula. Sikuwa nimekula. Nikalipiga gurudumu kwa nyundo nikijua halitafunguka, nikapiga tu, mpaka maalim akasema, "Basi, basi." Tukambeba mimi na yeye, tukampakia kwenye tuktuk. Alikuwa mwepesi kuliko jeki yangu.

Walichelewa. Zamu yake ya mashine ilikuwa imepewa mgonjwa mwingine, wakaambiwa warudi kesho. Hiyo kesho hakuiona.

Matangani wanaume tulikaa nje kwenye mikeka. Mtu mmoja akasema magari ya zamani hayana imani. Maalim akamkatiza: "Gari halina kosa. Kijana alitengeneza vizuri, mimi nikamlazimisha akaze." Watu wakanigeukia. Mimi nikainuka, nikachukua viatu vyangu niondoke. Akanifuata mpaka pembeni mwa nyumba, akanishika mkono.

"Ulikuwa ukijua beringi itaungua?"

Ningeweza kusema sikujua. Angeniamini, na pengine tungelala sote wawili.

"Nilijua, maalim."

"Basi mbona hukuniambia mara ya pili?"

Nikatazama chini. "Wewe ni maalim wangu."

Nilingoja anipige kofi. Wallahi nililitaka. Akanitazama tu, kama anayetafuta mtu aliyekuwa akimfahamu.

"Udogoni ulikuwa mbishi wewe," akasema. "Nakwambia hii ni ba, wasema ni ta. Nakuchapa, bado wasema ni ta."

Ndani wakamwita, jamaa wa Likoni walikuwa wamefika kutoa rambirambi. Akauachia mkono wangu taratibu, akaenda kuwapokea, nami nikabaki nimesimama na viatu mkononi.