Bikizee wa Uani

Enzi za Mwingereza baba yangu alikuwa seremala hodari, lakini kwa kununua nyumba alikuwa bure kabisa. Ile ya mtaa wa Ipuli aliikagua kutwa nzima: akagonga milango, akapanda kutazama mabati, akachokonoa boriti kutafuta mchwa. Uani hakufika. Mwanamume mwenye adabu haingii ua wa mwenzake, alisema, na muuzaji akamsifu kwa malezi mema. Malezi gani hayo, jamani!

Mama hakujali boriti. Tangu aolewe aliishi kwa mama mkwe wake, aliyeonja kila mchuzi wake na kuukosoa mbele ya wageni. Alitaka kitu kimoja tu: jiko lake mwenyewe.

Siku ya kukabidhiana, wazee wa mtaa walikaa barazani, wakasoma Fatiha, wakaletewa kahawa. Muuzaji akampa baba funguo, akamkumbatia, akasema anawahi gari moshi la Kigoma. Hata kahawa yake hakumaliza.

Tukafungua mlango wa uani. Bikizee ameketi jikoni, anasonga ugali.

"Shikamoo, bibi," baba akasema.

"Marahaba, mwanangu. Mimi ni shangazi yake aliyewauzia. Kaniambia mtanitunza. Haya, karibuni chakula."

Mtu mwenye akili angemkimbilia muuzaji stesheni. Baba yangu akanawa. Akala, tena akaongezewa mlenda, na ukishakula cha mtu utamfukuzaje? Hasira niliyomwonea siku ile haijaisha hadi leo. Mama hakugusa tonge. Alisimama na masufuria yake kichwani, machozi yakimtoka, huku bikizee akimwelekeza pa kuyaweka.

"Mzee wa watu huyu," baba akanong'ona, akilamba vidole. "Tumvumilie tu. Wewe si umeshazoea?"

Bora angenyamaza! Mama akatua masufuria chini, akafuta macho kwa ncha ya khanga.

"Sawa. Bibi atakaa, maana hana pa kwenda. Wewe unapo, kwa mama yako. Lete funguo."

Baba akacheka, akidhani ni utani. Akawatazama wazee waliokuja kuchungulia; wakageuza nyuso. Akatoa funguo.

Alirudi baada ya Ramadhani. Akabisha hodi mlangoni kwake mwenyewe, akasimama nje kusubiri aitikiwe.