Punje Juu ya Bati

Huu ni mwaka wa tatu naendesha mashine ya leza katika karakana moja ya mtaa wa Umoja. Tunakata maua ya bati ya kupambia mageti. Bati ni jembamba, milimita moja tu, na ua moja lina matundu kama arobaini. Kila mwale unapotoboa, chuma kilichoyeyuka huruka na kuganda juu ya bati kama punje za mtama. Mimi nilibonyeza kitufe na kungoja. Kuzikwangua punje hizo ilikuwa kazi ya mzee mmoja kutoka Ukambani, aliyechonga vinyago hadi wanunuzi wakaadimika. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, tupa ya kukwangulia mkononi, tangu asubuhi hadi jioni.

"Msichana wangu," aliniambia mara nyingi, "mashine yako inatema mate sana."

Nilicheka tu. Nilikuwa nimechoka. Naishi mtaa wa Tassia, ghorofa ya sita, na maji nayapandisha mwenyewe. Sikubakiwa na nguvu za kuwazia mate ya mashine.

Kisha bega la mzee likagoma. Hakuja siku mbili, na bosi akanipa tupa. "Kata, halafu ukwangue mwenyewe." Kufikia saa nane mchana sikuweza kukunja ngumi. Nilikaa pale kwenye ndoo nikaona haya.

Siku ya pili nilizima mashine nikaifungua. Mdomo wa nozeli, pale mwale unapotokea, ulikuwa umeliwa na moto, si duara tena, nikaubadilisha. Nikamwaga maji yaliyojaa kwenye kompresa ya hewa. Nikagongoa mabonge yaliyoganda kwenye meno ya meza ya kukatia. Halafu nikairudia michoro ya maua, mmoja mmoja, ili mwale usitobolee ukingoni mwa ua, bali katikati ya kipande kinachotupwa. Nikapunguza nguvu za kutoboa, nikainua nozeli kidogo, na bati nikalipangusa kwa maji ya sabuni ili punje zisishike. Ua la kwanza lilitoka na punje tatu. Nilizihesabu mara mbili.

Mzee aliporudi alipitisha kiganja juu ya ua hilo, taratibu.

"Haya ulikuwa unayajua siku zote?"

"Mengi niliyajua. Sikujali tu, mzee. Nisamehe."

Akaiweka tupa mapajani. "Na sasa mimi nitakwangua nini?"

Hilo sikuwa nimeliwaza hata kidogo. Wiki haikuisha, bosi akamwambia awe anakuja siku mbili tu kwa wiki. Usingizi ulinipaa. Asubuhi nilimfuata bosi ofisini, nikamkumbusha kwamba mageti yetu yanarudishwa na wateja yakiwa na kutu kwa sababu hakuna anayeyapaka rangi ya kwanza vizuri.

"Mpe mzee kazi hiyo," nikasema.

"Macho yake je?"

"Anaona kuliko mimi."

Akakubali shingo upande.

Sasa mzee anapaka rangi, wiki nzima. Harufu ya thina ya kuchanganyia rangi humkohoza, na kikohozi chake nakisikia hata mashine ikinguruma. Nilimnunulia barakoa. Akashukuru sana, akaitundika msumarini, na hadi leo iko pale; anasema inamnyima pumzi. Nimeacha kumkumbusha. Jioni tunatembea pamoja hadi steji ya matatu, yeye akikohoa, mimi nikiburuta miguu.