Muundi Uliogongwa kama Chungu

Bodaboda iliponirusha kwenye njia ya Nkowe, mimi na gunia la korosho, nilipaa hadi nikaiona Ruangwa yote na Nachingwea kwa mbali. Nilipotua, muundi ulikuwa umevunjika na kipande cha mfupa kimesagika. Daktari aliziba pengo kwa chembechembe za kauri za kiwandani. Alisema zina vitundu vidogo, na mfupa wangu ungeota humo taratibu mpaka uzimeze.

Mimi, msomi wa kidato cha nne kwa masomo ya jioni, nikarudi nyumbani kutoa somo. Niliwaambia ni udongo maalumu, umechomwa kwa moto wa kuyeyusha sufuria zote za wilaya. Somo likafika Mkotokuyana kwa shangazi yangu, mfinyanzi, naye akaja na begi la kukaa.

Alikunja kidole, akaugonga muundi wangu kama anavyogonga vyungu vyake sokoni, akatega sikio. Chungu kizima hulia. Chenye ufa hakilii. Wangu ulitoa sauti ya boga.

"Kina ufa," akasema. "Usikanyage, baba."

Daktari alikuwa ameagiza nianze kukanyaga kidogo kidogo, maana mfupa usiobeba mzigo hudhoofika. Lakini katika ukoo wetu hakuna daktari wa kumshinda shangazi. Magongo niliyopewa hospitali yakapelekwa darini. Shemeji zangu wakawa wananibeba chooni kama jeneza linalolalamika, na majirani wakaja kugonga, kila mmoja na maoni yake. Mguu ukakonda hadi suruali upande mmoja ikawa haina mtu. Hapo nikaogopa kweli kwamba sitatembea tena.

Siku ya kliniki shangazi alinisindikiza. Daktari akatuonyesha picha: mfupa umeanza kushika. Ila mguu mbona umekonda hivi? Shangazi akamweleza ule ufa kwa adabu zote, kisha akaomba agonge na muundi wa daktari.

Daktari alinitazama, akapandisha suruali yake.

Shangazi akagonga. Boga. Akarudia, sikio karibu ligusane na goti. Boga. Akagonga wa kwake mwenyewe. Boga tena.

"Kumbe na wewe ni mbovu," akamwambia daktari kwa huruma. "Na kazini unakuja?"

"Kila siku, bibi."

Shangazi akafikiri, akachukua magongo ya kliniki yaliyoegemezwa ukutani, akanipa.

"Simama, baba. Mwenzio anakanyaga."

Nikakanyaga. Maumivu yalikwenda hadi Masasi yakarudi, lakini mguu ulinibeba.